Mfalme wa Nepal aling'olewa wapi, barabarani au bungeni?

Tarehe 28 Mei 2008 wajumbe wa Bunge la Katiba la Nepal walikusanyika Kathmandu kwa kikao chao cha kwanza, wakakaa wakisubiri hadi usiku. Wakubwa wa vyama walikuwa bado wanavutana kuhusu rais: atapatikanaje, atapewa mamlaka gani, atatoka chama gani. Kuhusu mfalme hapakuwa na mvutano wowote. Kura zilipopigwa, wajumbe 560 walitaka nchi iwe jamhuri, wanne wakakataa. Ukoo wa Shah, uliokuwa na kiti cha enzi tangu Prithvi Narayan Shah alipoliteka bonde la Kathmandu katika miaka ya 1768 na 1769, ukamalizwa kwa hesabu ya kura. Mfalme Gyanendra akapewa siku 15 awe amehama kasri.

Sisi tuliokulia kwenye simulizi za mapinduzi ya alfajiri, tangazo redioni na mtawala akikimbilia bandarini, tunapata taabu kidogo kuielewa habari hii. Wananchi wa Nepal waliingia barabarani Aprili 2006. Mfalme alitoka kasrini Juni 2008. Miaka miwili na zaidi ilikuwa ya nini? Na kama umma ulishashinda mwaka 2006, hao wajumbe 560 walikuwa wanamwondoa nani?

Jibu langu ni kwamba kuna kazi mbili hapa, na zinafanyika mahali pawili. Umati barabarani unaweza kumnyima mtawala utii. Akishanyimwa utii, amri yake haivuki geti la kasri. Ila ufalme si mtu mmoja tu aliyekaa kitini. Ni rundo la kazi zilizofungwa pamoja na kupewa ukoo mmoja: kuamuru jeshi, kutia saini sheria, kuita bunge na kulivunja, kumiliki misitu na makasri, kubariki sikukuu za dini, hata sura yake kukaa kwenye noti. Kila moja ya kazi hizo lazima ikabidhiwe mtu mwingine, kwa maandishi, na wenye bunduki wakubali. Kazi hiyo ya pili haina nyimbo wala picha za kusisimua, na ndiyo ambayo Nepal ilishindwa mara mbili kabla ya kufaulu.

Deni la mwaka 1951

Tangu 1846 wafalme wa Nepal walikuwa kama mapambo. Ukoo wa Rana ulijitwalia uwaziri mkuu wa kurithishana, mfalme akabaki kasrini akipigiwa magoti bila kuulizwa neno. Novemba 1950 Mfalme Tribhuvan alikimbilia ubalozi wa India pamoja na familia yake, kisha akapelekwa Delhi. Wapiganaji wa chama cha Nepali Congress walianza kushambulia kutokea mpakani, India ikashinikiza, na Februari 1951 Tribhuvan akarudi nyumbani akishangiliwa kama mkombozi. Akatangaza kwamba kuanzia hapo wananchi watatawaliwa kwa katiba itakayoandikwa na bunge watakalolichagua wenyewe.

Bunge hilo halikuchaguliwa. Katiba ya 1959 ilitolewa na mwanawe, Mfalme Mahendra, kama mtu anavyotoa zawadi. Uchaguzi ukafanyika mwaka huohuo, Nepali Congress wakashinda, B. P. Koirala akawa waziri mkuu. Desemba 1960 mfalme akamweka ndani pamoja na mawaziri wake, akapiga marufuku vyama vyote. Mfumo wa Panchayat, yaani mabaraza yasiyo na vyama ambayo mwisho wa ngazi yake ni mfalme mwenyewe, ukatawala hadi 1990. Aliyetoa zawadi aliichukua, na hapakuwa na mahakama ya kumuuliza.

Mwaka 1990 watu walisimama tena. Harakati ile waliiita Jan Andolan, harakati ya umma. Tarehe 6 Aprili askari waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukielekea kasrini. Siku mbili baadaye Mfalme Birendra akaruhusu vyama, viongozi wakatangaza kwamba harakati imekwisha, na mji ukalipuka kwa furaha. Katiba mpya ilitoka Novemba mwaka huo, ikasema mamlaka ya nchi ni ya wananchi. Maneno matamu. Ukiisoma kwa makini, lakini, unaona yaliyoachwa. Mfalme alibaki amiri mkuu wa jeshi, na jeshi likabaki Jeshi la Kifalme. Ushauri ulitakiwa utoke kwenye baraza la ulinzi chini ya waziri mkuu, ila maofisa wakubwa waliendelea kutazama upande wa kasri. Palikuwa pia na kifungu cha 127, kilichomruhusu mfalme kutoa amri za kuondoa vikwazo katika kuitekeleza katiba. Kilionekana kifungu cha makarani. Miaka 12 baadaye mfalme mwingine alipita humo.

Ushahidi kwamba jeshi halikuwahi kuhama ulionekana vitani. Februari 1996 Wamao, wafuasi wa Chama cha Kikomunisti cha Nepal chini ya Pushpa Kamal Dahal ambaye wengi wanamjua kwa jina la Prachanda, walianza vita vya msituni wakitokea wilaya za milimani kama Rolpa na Rukum. Kwa zaidi ya miaka mitano serikali iliyochaguliwa iliwapeleka polisi tu, wakafa kwa mamia, huku wanajeshi wakiwa kambini. Waziri mkuu alikuwa na serikali. Bunduki kubwa zilikuwa za mtu mwingine.

Jinsi mfalme alivyojivua kinga

Usiku wa tarehe 1 Juni 2001, kwenye chakula cha familia katika kasri la Narayanhiti, Mfalme Birendra, Malkia Aishwarya, watoto wao wawili na ndugu wengine waliuawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ilisema aliyefyatua ni Dipendra, mrithi wa kiti, ambaye alijipiga risasi mwishoni. Dipendra alitangazwa mfalme akiwa hana fahamu hospitalini, akafa tarehe 4 Juni. Siku hiyohiyo ami yake Gyanendra akavishwa taji. Alikuwa amewahi kuvishwa taji akiwa mtoto mdogo mwaka 1950, pale babu yake Tribhuvan alipokimbia, kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya pili.

Wananchi wengi hawakuiamini tume ile. Usiku wa mauaji Gyanendra alikuwa Pokhara, mbali na mji mkuu, na mwanawe Paras aliyekuwemo ukumbini alitoka mzima. Hayo mawili yalitosha kuzaa uvumi usiokufa mpaka leo. Hakuna ushahidi uliowahi kumgusa. Lakini mfalme wa Nepal hakuwa mtawala wa kawaida, nchi ilikuwa rasmi ya Kihindu na waumini wengi waliamini kwamba mfalme ni Vishnu katika umbo la binadamu. Heshima ya namna hiyo haiishi vizuri na minong'ono.

Bunge lilikuwa limevunjwa Mei 2002 kwa ombi la Waziri Mkuu Sher Bahadur Deuba. Oktoba mwaka huo mfalme akamfukuza Deuba na kuanza kuteua mawaziri wakuu kwa kalamu yake, akiegemea kile kifungu cha 127. Tarehe 1 Februari 2005 akachukua serikali nzima mkononi. Simu zilikatwa nchi nzima, intaneti ikazimwa, wanajeshi wakaingia vyumba vya habari, redio zikakatazwa kusoma habari, na viongozi wa vyama wakafungiwa majumbani. Aliahidi kuleta amani ndani ya miaka mitatu.

Hapa ndipo ninapoona kosa lake kubwa, kubwa kuliko ukatili wenyewe. Mfalme wa kikatiba ana kinga moja ya thamani: mambo yakiharibika, lawama zinamwangukia waziri. Waziri anafukuzwa, mfalme anabaki. Gyanendra alipojiweka mwenyewe mwenyekiti wa baraza la mawaziri, aliondoa ukuta uliokuwa ukimkinga. Kuanzia siku hiyo bei ya mafuta, maiti za vita, barabara iliyofungwa, vyote vilikuwa vyake. Mtu aliyetaka kuipinga serikali hakuwa na njia nyingine ila kumpinga mfalme.

Na aliwaunganisha maadui zake. Vyama saba vya bungeni na Wamao walikuwa wakichukiana kwelikweli. Makada wa Congress walikuwa wameuawa vijijini na Wamao, na Wamao walikuwa wamewindwa na serikali za Congress. Tarehe 22 Novemba 2005, baada ya mazungumzo yaliyofanyika Delhi, pande hizo zilitangaza makubaliano ya vipengele 12. Wamao walikubali ushindani wa vyama vingi na haki za raia. Vyama vilikubali uchaguzi wa bunge la katiba, lile lile la ahadi ya 1951. Kuhusu ufalme, walipatana kumaliza utawala wa kiimla wa mfalme. Je, abaki mfalme wa heshima tu au aondoke kabisa? Hati ilinyamaza, na ukimya huo ulikuwa wa makusudi, kwa sababu hapo wasingeelewana.

Siku 19

Mgomo ulioitishwa tarehe 6 Aprili 2006 ulipangwa kuwa wa siku nne. Ulidumu 19. Wamao walikuwa wametangaza kusimamisha mapigano katika bonde la Kathmandu, uamuzi ambao watu huusahau, ingawa bila huo jeshi lingepata kisingizio cha kupiga risasi kwa jina la vita. Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje katika eneo lote la ndani ya Ring Road, barabara inayouzunguka mji. Kwa hiyo watu waliandamana kwenye ukingo: Kalanki, Gongabu, Chabahil, huko ambako mji unakutana na vijiji. Kila siku umati ulikuwa mkubwa kuliko wa jana. Malori hayakuingia, bei za mboga zikapaa, na baadhi ya waandamanaji waliuawa kwa risasi.

Ukubwa wa umati ni jambo moja. La kutazama zaidi ni nani alikuwemo. Madaktari walitoka na makoti yao, mawakili na majoho yao, walimu, waandishi, wafanyakazi wa benki. Kisha watumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe, wizara inayoandika amri za kutotoka nje, wakaandamana na baadhi yao wakakamatwa. Serikali inaweza kuvumilia wanafunzi wakirusha mawe kwa miezi. Karani anayepiga muhuri akikataa kupiga muhuri, mambo yamekwisha.

Tarehe 21 Aprili mfalme alitokea kwenye televisheni. Alisema mamlaka ya utendaji yanarudi kwa wananchi, akavitaka vyama saba vipendekeze jina la waziri mkuu. India, ambayo ilikuwa imemtuma Karan Singh kuzungumza naye, iliipokea hotuba hiyo vizuri, na mabalozi wa nchi za Magharibi pia. Kwa mgeni ilionekana kama ushindi. Barabarani ilizomewa.

Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1951 walipewa, mwaka 1960 wakanyang'anywa. Mwaka 1990 walipewa, mwaka 2002 wakanyang'anywa tena. Hotuba ya tarehe 21 ilikuwa bado ni ya mtu anayetoa kitu kutoka mfukoni mwake: nawarudishia, nileteeni jina. Haikutaja bunge lililovunjwa wala bunge la katiba. Waandamanaji walielewa hilo upesi kuliko baadhi ya viongozi wao, na inasemekana viongozi waliogopa kukubali kwa sababu wangezomewa wao pia.

Tarehe 24, karibu na usiku wa manane, siku moja kabla ya maandamano makubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepangwa, mfalme alirudi kwenye televisheni. Safari hii alisema chimbuko la mamlaka ya dola ni wananchi wa Nepal, na akalirudisha bunge lililovunjwa mwaka 2002.

Bunge lililofufuliwa

Tulitazame bunge hilo, maana kila kilichofuata kilipita ndani yake. Lilichaguliwa mwaka 1999 likiwa na wabunge 205, kwa muda wa miaka mitano. Hata kama lisingevunjwa, muda wake ungekuwa umekwisha mwaka 2004. Kisheria lilikuwa maiti, na aliyelifufua ni mfalme, kwa tangazo ambalo ni vigumu kuona katiba ilimruhusu wapi kulitoa. Yaani mlolongo wa sheria ulioiondoa enzi ya Shah unaanzia kwenye tamko la Shah mwenyewe.

Wanasheria wanaweza kubishana juu ya hilo hadi kesho. Kiutendaji lilikuwa na faida kubwa moja: hapakuwa na siku hata moja ambayo nchi haikuwa na chombo kinachotambulika. Majaji waliendelea na kesi, mishahara ikalipwa, mabalozi wakajua wampigie nani simu. Girija Prasad Koirala, mzee wa zaidi ya miaka 80, mgonjwa, mdogo wake yule B. P. Koirala aliyefungwa mwaka 1960, akawa waziri mkuu.

Tarehe 18 Mei 2006 bunge hilo lilijitangaza kuwa ndilo lenye mamlaka ya juu nchini. Hakuna kifungu kilicholipa uwezo huo. Aprili ndiyo iliyolipa. Kwa tangazo moja, Serikali ya Mtukufu Mfalme ikawa Serikali ya Nepal. Jeshi la Kifalme la Nepal likawa Jeshi la Nepal, mfalme akavuliwa uamiri, na uteuzi wa mkuu wa jeshi ukaenda kwa baraza la mawaziri. Mali na mapato yake yakaingia kwenye kodi. Vitendo vyake vikawa vya kuhojiwa bungeni na mahakamani. Sheria ya nani arithi kiti ikawa mikononi mwa wabunge. Dola ya Kihindu ikawa dola isiyo na dini. Hakuna aliyesema ufalme umefutwa. Alibaki mfalme, kasrini, na taji lake.

Ukilinganisha na Zanzibar ya 1964 unaona vizuri tofauti ya mwendo. Sultani Jamshid bin Abdullah hakuwa na jeshi lake; ulinzi ulikuwa wa polisi, na silaha zilikuwa kwenye maghala kama Ziwani na Mtoni. Yalipotekwa usiku wa kuamkia Januari 12, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, hapakuwa na safu ya pili ya kumlinda, akaondoka kwa meli. Rundo zima la kazi za dola lilihama kwa siku moja, na likahama kama lilivyo: Baraza la Mapinduzi lilikuwa ndiyo serikali na ndiyo mtunga sheria, na Baraza la Wawakilishi lilikuja mwaka 1980. Burundi nayo ilipata jamhuri Novemba 1966 kwa mkono wa Kapteni Micombero, waziri mkuu, wakati Mfalme Ntare V akiwa ziarani Kinshasa. Pale hata umma barabarani haukuwepo. Haraka ina gharama yake. Kazi za mfalme zikihama kwa mpigo, zinatua kwa yule aliyekuwa karibu zaidi na bunduki.

Nepal isingeweza kwenda haraka hata kama ingetaka. Ilikuwa na majeshi mawili ndani ya nchi moja, na vita vilikuwa vimeua watu zaidi ya 13,000. Mkataba wa amani wa Novemba 2006 uliwaweka wapiganaji wa Kimao kwenye kambi kuu saba na nyingine ndogo 21, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. Silaha zao zilifungiwa kwenye makontena. Ufunguo ulikaa kwa Wamao wenyewe, ila mlango ulikuwa na king'ora na waangalizi. Jeshi la serikali nalo likafungia idadi ileile ya silaha. Ni mpango wa ajabu ukiufikiria, mtu kukabidhi bunduki na kubaki na ufunguo, lakini ulishika, kwa sababu kila upande uliweza kuwaambia watu wake kwamba haukusalimu amri.

Kupunguza hadi kisibaki kitu

Katiba ya mpito ya Januari 2007 haikumpa mfalme kazi yoyote. Hatima ya ufalme ingeamuliwa na kikao cha kwanza cha bunge la katiba. Wakati huo waziri mkuu akafanya kazi za mkuu wa nchi, na hapo zikaanza kuhama zile kazi ambazo hazimo kwenye katiba yoyote. Kila mwaka wakati wa sikukuu ya Indra Jatra, mfalme alikuwa akienda kupokea tika, alama ya baraka kipajini, kutoka kwa Kumari, msichana mdogo anayeheshimiwa kama mungu aliye hai. Mwaka 2007 Koirala alihudhuria kama mkuu wa nchi. Wimbo wa taifa uliomsifu mfalme ulibadilishwa mwaka huohuo. Sura yake ilitoka kwenye noti, ukaingia mlima Everest. Noti za mwanzo zilikuwa zimeshatengenezwa na alama ya maji ya uso wake, basi wakachapa ua la gurans juu yake kuuficha. Mali za marehemu Birendra na familia yake zikawekwa chini ya mfuko wa taifa.

Mambo hayakwenda sawasawa. Watu wa Madhes, ukanda wa tambarare unaopakana na India, walichachamaa mapema 2007 kwa sababu katiba ya mpito haikutaja shirikisho, na wakalipata kwa kufunga barabara. Uchaguzi uliahirishwa mara mbili. Septemba 2007 Wamao walijitoa serikalini wakidai jamhuri itangazwe kabla ya kura. Walirudi Desemba baada ya maridhiano: katiba ya mpito ikarekebishwa kusema kwamba Nepal ni jamhuri ya shirikisho, ila tamko hilo litaanza kazi kwenye kikao cha kwanza cha bunge litakalochaguliwa. Lugha ya mawakili, lakini ina akili. Kila upande ulipata ulichotaka, na neno la mwisho likabaki kwa watu waliopigiwa kura.

Kura ikapigwa tarehe 10 Aprili 2008. Bunge lilikuwa na viti 601: 240 vya majimbo, 335 vya uwiano wa kura, 26 vya kuteuliwa. Wamao walishangaza wengi kwa kupata viti 220, Congress 110. Chama pekee kilichotetea ufalme waziwazi kilipata vinne, na hao ndio wanne wa usiku ule wa Mei. Ndiyo maana kura ya 560 kwa 4 ilikuwa nyepesi. Ilikuwa inaondoa jina tu, vitu vyote vilikuwa vimeshaondoka kimoja kimoja.

Tarehe 11 Juni Gyanendra aliita waandishi kasrini, akasema ameikubali hukumu, hana mali nje ya nchi, na atabaki Nepal. Taji na fimbo vikakabidhiwa serikalini. Akahamia nyumba ya msituni ya Nagarjun, nje kidogo ya mji. Ratna, mjane wa Mfalme Mahendra, aliachiwa nyumba aendelee kuishi ndani ya eneo la kasri. Narayanhiti ikawa makumbusho.

Kiti kilichobaki wazi

Swali lililowachelewesha wajumbe usiku ule, rais awe nani na afanye nini, ndilo lililoendelea kusumbua. Julai 2008 walimchagua Ram Baran Yadav, daktari kutoka Madhes, kuwa rais wa kwanza, na kazi yake ilikusudiwa kuwa ya heshima. Mei 2009 Prachanda, sasa waziri mkuu, alimfukuza mkuu wa jeshi Rookmangud Katawal. Rais Yadav akamwandikia Katawal abaki kazini. Prachanda akajiuzulu. Tazama jambo lilivyorudi: nani anaamuru jeshi? Mfalme hayupo tena, lakini pale alipokuwa amekaa palikuwa na mvutano uleule, na aliyeshinda ni mtu ambaye karatasi ilisema hana nguvu.

Kuandika katiba kwenyewe kulikuwa aibu ya muda mrefu. Bunge la kwanza lilivunjika Mei 2012 bila kumaliza, la pili likachaguliwa Novemba 2013, na katiba ikatoka Septemba 2015, baada ya tetemeko la Aprili lililoua karibu watu 9,000 kuwatikisa viongozi wakubaliane. Madhes ikawaka tena. Tangu 2008 hakuna waziri mkuu aliyemaliza miaka mitano. Hadi 2025 Prachanda, Deuba na K. P. Sharma Oli walikuwa wakipokezana kiti kama wachezaji wa bao. Nadhani hii ni bei ya njia waliyochagua. Kazi zilizokuwa za mtu mmoja ziligawiwa kwa wengi mno, na kila mmoja ana uwezo wa kumzuia mwenzake. Machi 2025 maelfu walimpokea Gyanendra uwanja wa ndege wa Kathmandu kwa shangwe, wengine wakidai arudi kasrini, na mwishoni mwa mwezi huo watu wawili walikufa katika vurugu za Tinkune.

Halafu ikaja Septemba 2025. Serikali ya Oli ilifungia mitandao ya kijamii 26. Vijana, waliokwisha kuchoshwa na ufisadi na watoto wa wakubwa wanaojionyesha, wakaingia barabarani. Siku ya kwanza, tarehe 8, waliuawa 19. Siku ya pili Oli alijiuzulu, huku bunge, makao ya serikali ya Singha Durbar na Mahakama ya Juu vikiteketea. Mkuu wa jeshi alipolihutubia taifa, nyuma yake ilionekana picha ya Prithvi Narayan Shah, na mitandao, iliyokuwa imefunguliwa, ikajaa uvumi kwamba mfalme anarudi.

Hakurudi, wala waandamanaji hawakumwita. Vijana walibishana mtandaoni nani awe waziri mkuu, wakamtaja Sushila Karki, jaji mkuu wa zamani. Katiba inataka waziri mkuu atoke bungeni, na Karki hakuwa mbunge. Tarehe 12 Septemba Rais Ram Chandra Poudel alimwapisha hata hivyo, akalivunja bunge. Alifanya kile ambacho Gyanendra alikifanya mwaka 2002 kwa kifungu cha 127: aliziba pengo ambalo katiba haikumwandikia namna ya kuliziba. Tofauti ni kwamba Poudel ana muhula wa miaka mitano, anaweza kuondolewa, na alipomwapisha Karki alitaja pamoja naye tarehe ya uchaguzi, Machi 5, 2026.